Maswali Mawili Uliyoyaruka, Wifi

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji mwalimu. Sisi hatujambo. Kaka yako amepata kazi ya kuweka vigae kwenye jengo la ghorofa nne. Jioni anarudi magoti yamemvimba, anajikanda kwa maji ya moto na kulalamika kwamba siku hizi kila mtu anataka vigae vikubwa, vya aina inayopasuka ukiitazama vibaya. Mama mguu unamsumbua ila mdomo mzima kabisa. Binti amenifikia urefu, viatu vyangu sasa tunavivaa kwa zamu.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anashinda nayo mama, na hili sitaki alisikie nusu nusu. Ukijibu, tuma kwa anwani ya kiwanda.

Kazi yangu unaijua: kukunja karatasi, kupanga kurasa, kubana pini. Unajua pia kwamba siwezi kukunja kitu bila kukisoma. Wiki iliyopita tulichapa kijitabu kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Mwisho wa ukurasa wa saba pameandikwa kwamba wanawake ambao waume zao wametahiriwa huonekana kuupata ugonjwa huu kwa uchache zaidi, "kwa sababu". Basi. Ukurasa wa nane ulitoka umepinda, ukarudishwa kurekebishwa. Siku tatu nimelala na hiyo "kwa sababu".

Nikawauliza wenzangu. Fundi wa mashine ya kukatia akasema yeye katahiriwa tangu mdogo, kwa hiyo mke wake hana haja ya kwenda kupimwa. Mkuu wetu wa karakana akatuambia tufanye kazi.

Wewe ni muuguzi, niambie. Ngozi ya mwanamume inahusiana vipi na ugonjwa ulio ndani ya mwanamke? Unatokana na nini? Mtu anajuaje kama anao? Kipimo kinauma? Je, mke wa fundi wetu kweli amesalimika? Na mimi je? Wewe ni dada yake, si siri kwako: kaka yako hajatahiriwa.

La mwisho. Binti alileta karatasi kutoka shule, wazazi waweke sahihi apate chanjo ya ugonjwa huohuo. Mama akaisoma, akaikunja mara nne, akasema ugonjwa ule hautajwi ndani ya nyumba hii. Wifi, "ule" upi?

Wako,
Mke wa kaka yako

*

27 Februari

Wifi Mdadisi,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya gundi ya kiwandani, nikajua ni wewe kabla ya kusoma jina. Sisi wazima. Shemeji yako anasahihisha mitihani, meza yote ya chakula imekuwa yake, tunakula tumepakata sahani. Wodi ya wazazi imejaa, wiki hii tumepokea pacha mara tatu.

Nakujibu kwa mpangilio, maana nakujua utahesabu.

Ugonjwa unaletwa na kirusi kinachopita kati ya watu katika tendo la ndoa. Karibu kila mtu hukipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe bila mtu kujua. Kikigoma kuondoka kwa mwanamke, miaka na miaka, ndipo huanza kuharibu pale mlangoni. Kuhusu ngozi: ile inayofunika kichwa cha uume kwa ndani ni laini, kirusi hupata mahali pa kujishikiza. Ikiondolewa, mwanamume hukibeba kwa uchache, na mkewe hukipata kwa uchache. Hiyo ndiyo "kwa sababu" yako. Lakini uchache si kutokuwepo. Mwambie fundi wako mkewe akapime. Wembe wa daktari si kufuli.

Kupima hakuumi, kunakera tu kwa dakika chache. Mwanzoni ugonjwa hauna dalili, ndiyo maana watu hupimwa wakiwa wazima. Wewe una miaka thelathini na mitatu, umri wako ndio huo. Nenda.

Msalimie mama. Mwambie asikae na mguu unaning'inia.

Wifi yako

*

9 Machi

Wifi,

Asante. Nimesoma barua yako wakati wa chai, fundi wa kukatia akiwa nyuma ya bega langu. Amesoma mpaka kwenye kufuli, akaondoka bila kumaliza chai yake. Kesho yake akaniuliza kliniki inafungua saa ngapi.

Hapa kuna joto, karatasi zinajikunja zenyewe. Kaka yako yuko ghorofa ya tatu sasa. Binti amekuwa wa nne darasani, anasema angekuwa wa pili kama mwalimu wa hesabu angejua kusoma mwandiko wake.

Ni kweli, nilihesabu. Nilikuuliza maswali saba, umejibu sita. La saba umeliruka. Mara ya kwanza nilidhani umesahau. Nikasoma tena, nikaona umemalizia kwa kumsalimia mama, na mguu wake, kama mtu anayefunga mlango polepole usilie.

Nimeolewa humu miaka saba. Nimemlea Binti tangu ana miaka mitano. Ninachojua kuhusu marehemu mama yake ni kwamba aliugua tumbo. Kila mtu anasema "tumbo", kwa sauti ileile. Tumbo gani?

Na nakuongezea jingine, si kwa ubaya, ni udadisi tu: wewe mwenyewe ulipima lini?

Wako

*

21 Aprili

Wifi,

Wiki sita sasa sijapata neno. Nimemuuliza tarishi mpaka ananikwepa.

Nimepima. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya baridi, aliomba radhi kwa ajili ya mikono kabla sijamuuliza chochote. Alipaka kitu chenye harufu ya siki, akatazama kwa taa, nami nikahesabu vigae vya dari. Akasema niko salama, nirudi baada ya miaka mitatu. Nilitoka, nikakaa kwenye benchi la nje kama niliyepewa habari mbaya.

Karatasi ya chanjo ya Binti bado imekunjwa mara nne. Mwisho wa kuirudisha ni Juni.

Kama nimekuudhi, niambie nimekuudhi.

Wako

*

8 Mei

Wifi yangu,

Hukuniudhi. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Shemeji yako alikuta vipande kwenye ndoo ya taka, akaniuliza kama nina mpenzi.

Nimefurahi uko salama. Nilipofika mstari ule nilikaa chini.

Sasa nakujibu. Mama yake Binti alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ugonjwa huohuo wa kijitabu chako. Ilipojulikana, daktari alituambia mimi na mama, kaka alikuwa kazini mbali. Mama akasema watu wakisikia ni sehemu hiyo watasema alikuwa malaya, na mtoto ataolewa na nani. Akasema tuseme tumbo. Mimi muuguzi, mwenye cheti ukutani, nikasema sawa. Kaka aliambiwa ni uvimbe tumboni. Mpaka leo anajua hivyo.

Lililonifanya nichane karatasi si hilo. Mwaka mmoja kabla ya kulazwa, mama Binti aliniandikia. Alisema anatoka damu baada ya kukutana na mumewe, je, ni kawaida? Barua ilinikuta nimetoka zamu ndefu. Nikamjibu mistari mitatu: ni mambo ya hedhi, apumzike, asibebe maji. Sikumwambia aende kupima. Hakuniuliza tena. Miaka tisa sasa.

Ulipoanza kuniandikia na maswali yako, niliona mwandiko mwingine.

Usimwambie kaka. Sikulazimishi, nakuomba. Lakini chanjo ya Binti, tia sahihi wewe.

Wifi yako

*

30 Mei

Wifi,

Nimekaa na barua yako siku kumi na moja. Nimeshindwa. Mimi na kaka yako tunalala chumba kimoja, na mimi si mtu wa kujua kitu nikiwa nimegeukia ukuta. Nilimwambia Jumapili mchana, mama akiwa kwa jirani. Habari ya barua aliyokuandikia marehemu sikumwambia. Hiyo ni yako.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kazini Jumatatu, akaweka vigae vya sebule nzima vimepinda, akavibandua vyote, akaviweka upya. Kaka yako huyo, ambaye hata sakafu yetu ya jikoni huikagua kwa pimamaji. Jumatano alichukua kile kijitabu kwenye mkoba wangu, kile kilichokamilika, akasoma mpaka ukurasa wa nane. Akanijia nikiwa nafua.

Akasema: "Ni mimi?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi sikutahiriwa. Yeye akafa. Na wewe je?" Nikamwonyesha karatasi yangu ya kliniki. Aliisoma kama mtu anayekagua risiti ya uongo.

Nimesoma kijitabu tu. Mwandikie wewe. Nitamsomea, au asome mwenyewe, lakini maneno yawe ya dada yake.

Karatasi ya chanjo nimeweka sahihi. Kaka yako aliiona juu ya meza, akachukua kalamu akaweka ya kwake pembeni ya yangu.

Wako

*

14 Juni

Kaka yangu, na wewe wifi,

Salamu nitazituma siku nyingine.

Kaka, umeuliza kama ni wewe. Jibu la kweli ni kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kujua. Kirusi hiki kinakaa miaka mingi kimya. Hakiachi jina la aliyekileta. Huenda ulikuwa nacho, huenda alikuwa nacho kabla hamjajuana, huenda mlikuwa nacho nyote kama walivyo nacho watu wengi, na wengi hao hawafi. Kutotahiriwa kuliongeza uwezekano, sitakudanganya. Lakini wapo waume wasiotahiriwa ambao wake zao wamezeeka salama, na wapo waliotahiriwa ambao wamezika. Nyumbani kwetu hakuna aliyetahiriwa, hukuchagua wewe. Na siku hizo nani alitueleza?

Kilichomuua ni kuchelewa. Ugonjwa ule ukikutwa mapema unaondolewa. Na kuchelewa huko kuna jina, kaka. Aliniandikia mwaka mmoja kabla, akiniambia anatoka damu. Nilikuwa na majibu yote kichwani, nikamwambia apumzike. Kama unatafuta mtu wa kumuuliza "ni wewe?", niulize mimi.

Kama unataka kutahiriwa sasa, ni jambo jema, kuna magonjwa linayoyapunguza. Ila usilifanye kama adhabu. Haliwezi kurudi nyuma na kufuta yaliyopita. Na kwa wifi, kinachomlinda zaidi ni kurudi kupima kila anapotakiwa.

Nitaelewa usiponiandikia.

Dada yako

*

2 Agosti

Wifi,

Tumesubiri kukujibu kwa sababu kaka yako alitaka kwanza awe na la kusema.

Barua yako aliisoma amesimama. Halafu akatoka, akatembea mpaka giza likaingia, akarudi na mkate. Siku nyingi hakutaja jina lako. Wiki ya tatu akaniambia, "Dada alikuwa amechoka siku ile." Nimeona nikuandikie maneno hayo jinsi alivyoyasema.

Ametahiriwa. Mwezi wa saba tarehe tano. Miaka arobaini na nne, amekaa foleni na vijana waliomwita mzee na kumpisha mbele, jambo ambalo hakulitaka hata kidogo. Alimuuliza daktari maswali mpaka daktari akamuuliza kama ni mwandishi wa habari. Sasa shida ni magoti. Mtu wa vigae hafanyi kazi amesimama, naye aliambiwa asipige magoti wala kuchuchumaa kwa muda. Alishinda nyumbani, akapanga upya makabati yangu ya jikoni, nikamwombea apone haraka. Mengine tuliambiwa tusubiri wiki sita. Tunahesabu.

Binti amechanjwa. Kabla hajaenda, baba yake alimkalisha akamwambia mama yake alikufa kwa nini. Mama alikuwepo. Tulidhani atawaka. Akasema tu kwamba marehemu alijua kucheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimtaja.

Binti ana maswali kuliko mimi. Jana ameuliza: kama shangazi yake anajua yote haya, bila shaka yeye hupima kila mwaka? Nikamwambia nitauliza. Nilikwisha kukuuliza mwezi wa tatu, wifi. Hilo nalo uliliruka.

Wako

*

25 Agosti

Wifi,

"Dada alikuwa amechoka siku ile." Nimeikata sehemu hiyo ya barua, nimeiweka ndani ya kitabu changu cha zamu.

Ulitaka jibu. Nilikuwa sijapima hata mara moja. Miaka arobaini na sita, ishirini na mbili ya uuguzi, nimewapeleka mamia kwenye chumba kile na kuwafungia pazia. Shemeji yako alitahiriwa akiwa mtoto, sisi wawili tumetulia, nikajihesabu miongoni mwa waliosalimika. Nilikucheka wewe na fundi wako wa kukatia karatasi, na kumbe mawazo yangu yalikuwa yanaishi nyumbani kwake. Tena niliogopa. Anayejua huogopa kwa undani zaidi.

Baada ya barua yako nikaenda. Nilichagua kliniki nyingine wasikonijua, lakini aliyenipima nilimfundisha kazi mimi. Kirusi ninacho. Palipopakwa siki pamekuwa peupe. Bado si saratani, ni mabadiliko ya kabla yake, yale ambayo yakiachwa huendelea. Yataondolewa kwa kugandishwa, tarehe kumi na sita Septemba, mtungi wao wa gesi ukishajazwa.

Niliwaza: wewe ambaye mumeo hakutahiriwa uko salama, na mimi ndiye niliyekutwa. Nimekueleza mimi mwenyewe kwamba ni uwezekano tu, lakini kulijua hilo kwenye mwili wako ni somo jingine.

Shemeji yako aliuliza kama ni yeye. Nimemsomea nakala ya barua niliyomwandikia kaka. Siku hiyo ana mtihani wa kusimamia, nimemwambia nitakwenda mwenyewe, ni jambo la dakika kumi.

Mwambie Binti: shangazi alikuwa hajapima, sasa amepima.

Wifi yako

*

10 Septemba

Wifi,

Anayekukabidhi barua hii humtarajii. Mfungulie, ametoka safari ya siku mbili na anajifanya hajachoka.

Nilimsomea barua yako tukila. Akaacha kijiko, akauliza tarehe kumi na sita ni siku gani ya wiki, akaenda kuomba ruhusa kwa mkandarasi. Sikumshauri lolote. Amebeba pimamaji kwenye begi, sijui la nini. Usimruhusu akague sakafu yako.

Mama anakusalimu. Ameniuliza kama mtu wa umri wake hupimwa. Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Wako

*

19 Septemba

Wifi yangu,

Mwambie mama kwa umri wake kipimo cha siki hakifai tena, lakini aende daktari amwone, na akiona damu yoyote aseme siku hiyohiyo.

Imekwisha. Sehemu iliyoharibika imegandishwa, nitarudi baada ya mwaka waangalie tena. Daktari anaona dalili zote ni nzuri. Nilihisi maumivu kama ya hedhi, na baridi ambayo sikujua mwili unaweza kuihisi mahali pale.

Kaka alikaa kwenye benchi la nje ya mlango, peke yake kati ya wanawake kumi na wawili. Wauguzi wanasema mwanzoni wanawake hao walikatisha mazungumzo yao kwa ajili yake. Halafu mmoja akamuuliza amemleta nani, akasema dada yake. Akamuuliza wanafanya nini humo ndani, naye akaanza kueleza, kirusi, ngozi, siki, mpaka ukurasa wa nane. Nilipotoka walikuwa wamemzunguka.

Tulitembea polepole kuelekea nyumbani. Tangu afike hatukuwa tumemtaja marehemu, wala barua ile. Karibu na kona ya shule akauliza, "Inauma?"

Nikamwambia kidogo.

Akasema, "Yeye hakuwahi kuniambia kama anaumwa."

Nikamwambia, "Aliniambia mimi."

Tukasimama. Nilimsubiri aseme lolote alilokuja nalo siku mbili zote zile za barabarani. Akanishika mkono kwenye kiwiko, jinsi unavyomshika mtu anayevuka mahali pabovu, na tukaendelea kutembea.

Anaondoka kesho asubuhi. Nimempa barua hii mwenyewe akuletee, sikuifunga. Hatuna tena la kufunga.

Wifi yako